Kusomea ukocha wa viungo hadi masta, ukianzia Lubumbashi

Jua halijachomoza vizuri, uwanja wa vumbi kule mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Vijana ishirini na wawili wanazunguka uwanja, koci ana filimbi mdomoni, na wa kwanza kutapika anachekwa na wenzake wote. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha wengine kwa misimu miwili, mpaka kijana mmoja wa kiungo cha kati aliponiuliza kwa nini mizunguko ni ishirini na si kumi na miwili. Sikuwa na jibu. Nikampelekea koci mkubwa swali lile lile. "Mwana, tulikuta hivyo," akasema, akarudi kwenye filimbi yake.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye swali la namna hiyo limemkaa rohoni, ana lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, au anaikaribia, na anataka kusomea mazoezi ya nguvu na utimamu wa mwili wa wanamichezo hadi shahada ya uzamili, yaani masta. Nimeipita njia hiyo nikitokea Lubumbashi. Wenzetu wa Goma na Bukavu watakuta mengi yanawahusu pia, ila safari zao za kufuata makaratasi ni ngumu kuliko zetu.

1. Ijue kazi kabla ya kuilipia

Ukisema nyumbani unasomea mazoezi ya nguvu, watu wataona sali (ukumbi) ya vyuma na vijana wanaotunisha vifua mbele ya kioo. Wengine watakuchanganya na kine, yule anayemhudumia mchezaji aliyeumia. Kocha wa viungo, prepa kama tunavyomwita hapa, anakaa kati ya kine na koci mkuu. Anatakiwa kumpa mchezaji nguvu, kasi na pumzi ambazo mchezo wake unazidai, zifike siku inayotakiwa, na asimvunje njiani.

Taaluma yenyewe bado changa. Chama cha Wamarekani, NSCA, kilianzishwa mwaka 1978; kile cha Waingereza, UKSCA, mwaka 2004. Kwa hiyo usishangae mjomba akikuuliza kama hiyo kweli ni shule. Mji huu unajua mpira: TP Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010, timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika huko. Waulize watu wa mtaa wa Kamalondo majina ya wachezaji wa siku ile, watakutajia hadi wa akiba. Waulize nani aliandaa misuli ya wale wachezaji, watakuangalia tu.

Kabla ya kutuma hata ombi moja, mfuate mtu anayefanya kazi hii kwa wiki mbili. Timu kubwa ikikufungia mlango, nenda kwa timu za basketi, raga, judo au riadha. Huko watu wana njaa ya msaada na hawajali kama huna jina. Ukiona unachoka na kupanga koni, kuhesabu marudio na kuandika namba kila siku, achana nayo mapema. Masta itakupa mambo hayo kwa wingi zaidi.

2. Hesabu vyeti vyako kwa macho ya mgeni

Mfumo wetu wa zamani ulikuwa gradua ya miaka 3, halafu lisansi ya miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia LMD, mfumo wa lisansi, masta na dokta: lisansi miaka 3, masta miaka 2. Neno lisansi limebaki lile lile huku uzito wake umebadilika, na afisa wa udahili wa nje hawezi kujua yako ni ya miaka mitatu au mitano. Mwambie wazi katika barua yako: nilisoma miaka mitano, gradua na lisansi, mfumo wa kabla ya LMD. Sentensi hiyo moja inaweza kukuokoa usihesabiwe chini ya ulichosoma. Mwenye gradua peke yake ajiandae kuambiwa aongeze mwaka.

Fani zinazopokelewa bila maswali mengi ni elimu ya viungo na michezo, kine, tiba na biolojia. Aliyesoma uchumi au sheria hajafungiwa kila mlango, kwa sababu vyuo vingine vinakubali lisansi ya fani nyingine ikiambatana na uzoefu wa ukocha uliothibitishwa kwa barua. Ila huyo atalazimika kusoma fiziolojia peke yake usiku, na atajua hajui.

Sasa karatasi. Chukua releve za alama za kila mwaka mapema, zenye muhuri unaosomeka, ukiwa bado unajulikana sekretarieti. Zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa ikiwa chuo si cha Kifaransa. Na angalia majina. Sisi Wakongomani tuna jina, postnomu na prenomu. Fomu za wenzetu zina visanduku viwili tu. Mimi diploma yangu ya Serikali ilikuwa na majina matatu, releve ya mwaka wa pili ilikuwa na mawili, na pasipoti ilikuwa imegeuza mpangilio. Nilipoteza karibu miezi miwili nikithibitisha kwamba watu hao watatu ni mimi. Panga karatasi zote mezani, soma herufi kwa herufi, na kasoro irekebishwe hapa hapa kabla haijavuka mpaka.

3. Fungua daftari leo

Hatua hii ndiyo iliyonifungulia mlango, na wengi wanairuka. Wanaoomba masta hii wote wanaandika kwamba wanapenda michezo tangu utotoni. Wenye kuonyesha namba walizopima wenyewe, kwa wiki kumi na mbili, na kueleza zilikosea wapi, ni wachache.

Chagua timu moja ya vijana. Omba ruhusa kwa koci na kwa wazazi. Koci wangu alipoona chuma cha kwanza alipiga kelele: "Mwana, utaua batoto ya bantu na ile bivyuma!" Sikubishana. Nilianza na vipimo visivyotumia chuma chochote, na vyuma vikaja baadaye, kijana akiwa tayari anajua kuchuchumaa vizuri akiwa mikono mitupu.

Pima kuruka. Kijana anasimama, mikono kiunoni, anachuchumaa haraka na kuruka juu, miguu ikiwa imenyooka hewani. Mrekodi kwa simu ukiwa umelala chini upande mmoja, hesabu picha tangu vidole vinapoachana na ardhi hadi vinapoigusa tena, upate muda wa kukaa hewani. Urefu wa kuruka kwa mita ni 9.81 mara muda, mara muda tena, gawanya kwa 8. Aliyekaa hewani sekunde 0.50 ameruka karibu sentimita 31. Hapa kuna mtego: simu inayochukua picha 30 kwa sekunde ikikosea picha moja tu, jibu linahama kwa karibu sentimita 4. Simu yenye picha 240 kwa sekunde inakosea nusu sentimita. Kijana akikuambia ameongeza sentimita 3 kwa mwezi, uliza kwanza simu ilikuwa ipi.

Pima kasi kwenye mita 10 na mita 30. Saa ya mkononi hudanganya, kwa sababu kidole cha mtu huchelewa na hakichelewi kiasi kile kile kila mara. Simika vijiti viwili, weka simu pembeni mbali kidogo, uhesabu picha kama ulivyofanya kwenye kuruka.

Pima pumzi kwa jaribio la Yo-Yo la Jens Bangsbo, lile la kwenda na kurudi mita 20, halafu sekunde 10 za kupumzika, milio ikizidi kukaribiana. Linahitaji koni, futi ya kupimia na spika yenye chaji. Hakikisha futi ni ya kweli. Niliwahi kukuta uwanja wa "mita ishirini" uliopimwa kwa hatua za mzee mmoja mrefu.

Nguvu usiipime kwa kumbebesha kijana mzigo wa mwisho anaouweza. Tumia mzigo anaoweza kuurudia mara chache kwa umbo zuri, kisha kadiria: kilo mara (1 jumlisha marudio gawanya kwa 30). Mwenye kunyanyua kilo 80 mara 5 anakadiriwa kuweza kilo 93 mara moja. Makadirio hayo yanaharibika marudio yakizidi kumi hivi, basi usiyavute huko.

Na mwisho, mzigo wa kila siku. Carl Foster alitupa njia rahisi kuliko zote: nusu saa baada ya mazoezi, muulize kila kijana mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika. Dakika 90 zenye ugumu wa 7 ni 630. Jumlisha wiki nzima. Ukiona wiki hii 1,800 na wiki ijayo 3,400 kwa sababu kuna mechi dhidi ya mahasimu wa mtaa wa pili, umeshajua nani atakuja Jumatatu akichechemea.

Kosa langu kubwa nilitenda mwezi wa Kumi na Moja. Nilipima nusu ya timu siku ya Jumanne, mvua ikanyesha usiku kucha, nikapima nusu nyingine Jumatano kwenye tope. Nikaandika kwa furaha kwamba mabeki wana kasi kuliko washambuliaji. Mabeki walikuwa wa Jumanne. Tangu hapo naandika saa, hali ya ardhi, viatu, na kama kijana amekula. Pia napima watu wale wale mara mbili ndani ya wiki moja bila kuwafundisha chochote kipya katikati. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni makelele ya kipimo chenyewe. Badiliko lolote dogo kuliko makelele hayo usilitangaze.

Namba hizo, pamoja na aibu ya ile Jumatano, niliziweka katika barua ya maombi. Kwenye mahojiano hawakuniuliza kingine.

4. Jaza mapengo: fizikia, takwimu, lugha

Mtu aliyetoka elimu ya viungo huwa na pengo la fizikia na takwimu. Aliyetoka tiba huwa hajawahi kusimama mbele ya vijana ishirini wasiomsikiliza. Jijue wewe ni yupi.

Upande wa fizikia, elewa nguvu, kazi, uwezo na msukumo mpaka uweze kuvieleza kwa mfano wa chukudu, lile gari la mbao la kusukuma mizigo, linalopanda mlima. Elewa hasa kwamba msuli ukijikunja haraka unatoa nguvu ndogo, na ukijikunja polepole unatoa nguvu kubwa, jambo lililoonyeshwa na A. V. Hill mwaka 1938. Nusu ya programu za mazoezi utakazosoma zinazunguka jambo hilo moja: mkimbiaji anahitaji kasi, mtu wa skramu kwenye raga anahitaji nguvu, na mwili uleule hauvipati vyote viwili kwa mzigo wa aina moja.

Upande wa fiziolojia anza na Hans Selye, aliyeeleza mwaka 1936 jinsi mwili unavyoitikia mkazo: unashtuka, unazoea, na ukizidishiwa unachoka kabisa. Mpangilio wa mazoezi kwa vipindi, ambao watu huuhusisha na Mrusi Lev Matveyev, uliegemea fikra hizo. Masta itakufundisha pia kuutilia shaka, kwa sababu ratiba nzuri ya mwanariadha anayelenga shindano moja kwa mwaka haimfai mchezaji mwenye mechi kila Jumapili.

Takwimu usizikimbie. JASP, jamovi na R ni programu za bure, na zinafanya kazi bila intaneti ukishazipakua. Ingiza namba za daftari lako mwenyewe ndipo wastani na mtawanyiko vitakuwa na sura za watu. Kwa makala za kisayansi, uliza maktaba ya chuo kama ina akaunti ya Hinari chini ya Research4Life: taasisi za Kongo ziko katika kundi linaloruhusiwa kusoma bure majarida ambayo mtu binafsi angeyalipia makumi ya dola kwa makala moja. Wanafunzi wengi wanapita mbele ya maktaba hiyo kila siku bila kuingia.

Kiingereza utakihitaji hata ukisoma kwa Kifaransa, kwa sababu tafiti nyingi za fani hii zinaandikwa kwa lugha hiyo. Vyuo vingi vya Uingereza huomba alama 6.5 au karibu na hapo kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Anza mwaka mzima kabla.

5. Chagua chuo kwa maswali, usichague kwa jina

Kwa Kifaransa, tafuta masta za STAPS, yaani sayansi ya mazoezi ya mwili na michezo, nchini Ufaransa, mkondo wa mazoezi na uboreshaji wa matokeo ya michezo. Dijon, alikofanya kazi Gilles Cometti, ina jina la zamani katika maandalizi ya viungo. Ubelgiji wanaiita sayansi ya motrisite, yaani ya mwendo wa mwili. Utaikuta Louvain-la-Neuve, Liège na Brussels. Masta za huko ni miaka 2, kredi 120. Ukitaka kubaki Afrika, kuna taasisi za kitaifa za michezo, INSEPS ya Dakar na INJS za Abidjan na Yaoundé, ambazo mizizi yao ni ualimu wa elimu ya viungo lakini zinakupa msingi wa kweli.

Kwa Kiingereza, Uingereza ndiyo yenye masta nyingi zinazobeba jina la fani hii hasa: St Mary's kule Twickenham, Edinburgh, Middlesex, Cardiff Metropolitan. Huchukua mwaka 1, kredi 180, kila kredi ikihesabiwa saa 10 za kazi. Saa 1,800 kwa mwaka mmoja: hakuna muda wa kujifunza fizikia ukiwa huko. Afrika ya Kusini wana mwaka wa honaz kati ya shahada ya kwanza na masta, kwa hiyo hesabu miaka mitatu. Karibu zaidi kuna Kenyatta University jijini Nairobi, penye idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Andikia kila chuo maswali haya. Nitafundisha wanamichezo halisi saa ngapi? Nani atanitazama nikifundisha? Je, kuna vibao vya kupimia nguvu ya kukanyaga, na mwanafunzi anavigusa au anaonyeshwa tu? Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Chuo kinachojibu swali la kwanza kwa namba ni chuo cha kufikiria. Kinachokutumia broshua yenye picha ya uwanja, kiache kipumzike kwanza.

Masomo ya mbali yapo, na kwa baba au mama mwenye familia ndiyo njia pekee. Yanaweza kuwa mazuri ikiwa una timu ya kufundisha hapa, maana utaombwa kujirekodi ukifundisha na kutuma video. Umeme ukikatika siku ya kutuma kazi, hakuna mwalimu wa Ulaya atakayeelewa kwa mara ya tatu. Nunua betri, tuma siku mbili kabla, na tafuta mahali pa pili penye intaneti. Mimi nilikuwa na ofisi ya binamu karibu na posta, na funguo nilipewa.

6. Pesa na makaratasi ya safari

Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu viwango hubadilika kila mwaka. Vyuo vya umma vya Ufaransa vinamtoza mwanafunzi asiye wa Ulaya karibu euro 3,900 kwa mwaka wa masta, na baadhi vinasamehe sehemu kubwa ya hiyo ukiomba mapema. Uingereza ada ya mgeni huvuka pauni 15,000 kwa urahisi. Minervali, ada ya chuo ya hapa nyumbani, haikuandai kwa namba hizo.

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza uko wazi kwa Wakongomani. Unadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada, uchague kozi tatu, na urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya kumaliza. Saa za ukocha zinahesabika ukiwa na barua ya klabu, hata ile timu ya mtaa, mradi kuna tarehe, saa kwa wiki na sahihi. Ule ufadhili wa Jumuiya ya Madola wapishe wenzetu wa Zambia ng'ambo ya Kasumbalesa. Kongo si mwanachama.

Kwa visa ya Uingereza, pesa za kujikimu zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na utahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Ndugu wanaopenda kukukopesha kwa wiki moja ili akaunti ipendeze hawakusaidii. Weka pia bajeti ya kwenda Kinshasa, na kwenda mara ya pili.

7. Mwaka wenyewe, na kazi ya kumalizia

Utashangaa kwamba mtihani wa kwanza unaokutisha ni wa mwili wako. Utaombwa uonyeshe mwenyewe kuchuchumaa na chuma mgongoni, kunyanyua hadi mabegani na kunyanyua hadi juu ya kichwa kwa mpigo mmoja, zile tulizozijua kwa Kifaransa kama epole na arashe. Haijalishi kilo, wanatazama umbo. Nilikuwa na miaka ya mpira miguuni na vifundo vigumu kama mlango wa zamani, nikachukua miezi minne kuchuchumaa bila kisigino kunyanyuka. Anza kabla ya kusafiri. Mpini wa ufagio unatosha.

Baada ya hapo wanakutazama ukifundisha. Kosa letu sisi tuliolelewa na filimbi ni kusema sana. Mwalimu mmoja alinihesabia: maagizo kumi na moja kwa mchezaji mmoja kabla hajanyanyua chochote. Akaniambia nibaki na moja.

Kazi ya mwisho ndiyo yenye uzito, Uingereza mara nyingi ni kredi 60 kati ya zile 180. Wanafunzi wengi huchukua swali lililokuwa mezani kwa profesa. Mimi ningekushauri ubebe swali kutoka kwetu, kwa sababu mbili: hakuna mwingine darasani atakayekuwa nalo, na utakaporudi litakuwa bado linakungoja. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Timu inayotoka hapa kwenda kucheza Kinshasa au Matadi, kwenye joto la bondeni, inajiandaaje? Vijana wa kituo cha soka wanaokula bukari (ugali) mara moja kwa siku, jioni, wanaweza kubeba mazoezi mawili kwa siku? Kijana aliyetoka kwenye malaria arudishwe kwenye mbio kamili siku ya ngapi? Na umri: katika timu ya chini ya miaka 17 mmoja ameshaota ndevu, mwingine bado sauti ya mtoto. Kupima urefu wa kukaa na wa kusimama kila baada ya miezi mitatu kunakuonyesha nani yuko katikati ya kurefuka kwa kasi, na huyo ndiye wa kupunguziwa kuruka magoti yakianza kuuma, awe na cheti cha umri gani.

Swali langu lilizaliwa kwenye ile namba ya 0 hadi 10. Kipimo asili kilitokana na kazi ya Msweden Gunnar Borg, na maneno yake yalifika kwetu kwa Kiingereza na Kifaransa. Nilipowauliza vijana kwa Kiswahili mazoezi yalikuwaje, walijibu: "Ilikuwa nguvu." Kwa Mswahili wa pwani, nguvu ni uwezo alio nao mtu. Kwa mtoto wa Katuba, jambo likiwa nguvu maana yake ni gumu. Msaidizi wangu, aliyekulia Dar es Salaam, aliandika 2 pale nilipoandika 8. Alidhani kijana amejisikia mwenye nguvu. Tena kuna kuchoka kwa pumzi, kuna kuchoka kwa miguu, na kuna kuchoka kwa mtu ambaye hajalala kwa sababu nyumba ina msiba. Kabla ya kupima chochote ilibidi nikae na vijana, wale wa mitaa yetu ya Kenya na Ruashi, nijue kila namba inaitwa nani mdomoni mwao. Profesa wangu alidhani ni kazi ya wiki moja. Ilikula miezi mitatu, na ndiyo sehemu ya tasnifu iliyoulizwa maswali mengi.

Kama utapima watu hapa, hasa watoto, pata idhini mbili za maadili: ya chuo chako cha nje na ya hapa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kamati yake ya maadili ya tiba. Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili ambacho mzazi anakisema, isomwe kwa sauti, na mzazi aruhusiwe kukataa bila mtoto kupoteza namba kwenye timu. Koci akiwa amesimama pembeni yako wakati wa kusaini, hiyo si ridhaa. Mwombe akanywe chai.

8. Hati ya taaluma, na kurudi

Masta ni shahada ya chuo; klabu nyingi za nje huomba pia hati ya chama. Ile ya NSCA, inayoitwa CSCS, inadai shahada ya kwanza, cheti cha kufufua mapigo ya moyo, na mtihani wenye sehemu mbili: ya sayansi saa moja na nusu, ya vitendo saa mbili na nusu. Ifanye ndani ya miezi sita baada ya tasnifu, fiziolojia ikiwa bado kichwani. Ile ya UKSCA inakutazama ukifundisha, kwa hiyo ifanye ukiwa bado upande ule.

Ukirudi, usianze na timu ya kwanza. Wazee wa ufundi wana msimu wao, rais wa klabu ana haraka yake, na wewe ukipoteza mechi mbili utaambiwa vyuma ndivyo vilivyofanya miguu iwe mizito. Omba vijana chini ya miaka 17 kwa msimu mzima. Andika kwenye mkataba, hata uwe wa ukurasa mmoja: siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi kila siku, nani ana neno la mwisho mchezaji akiwa na maumivu, na namba za vipimo ni mali ya nani. Kifungu hicho cha mwisho niliwahi kukisahau. Msimu ulipoisha daftari lilibaki kwenye kabati la klabu, na klabu ikabadilisha kufuli.